SEWA HAJI WA BAGAMOYO

1. Jina linalojulikana

Watu wengi wa Pwani wamewahi kusikia jina la Sewahaji. Mgonjwa anapopelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, ndugu zake huuliza amelazwa wapi. Kwa miaka mingi wengi wamejibiwa kwamba mgonjwa wao yuko Sewahaji. Hilo ni jina la jengo moja la wodi katika hospitali hiyo.

Lakini kabla ya kuwa jina la wodi, Sewa Haji lilikuwa jina la mtu. Mtu huyo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo. Alifariki zaidi ya miaka 120 iliyopita. Katika somo hili tutasoma maisha yake. Tutaona jinsi alivyopata mali, na jinsi alivyoitumia. Tutaona pia kwamba jina lake liliandikwa mara mbili: mara moja kwa ubaya, na mara moja kwa wema.

Jina lake kamili ni Sewa Haji Paroo. Sewa ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Haji ni jina la baba yake, ambaye aliitwa Haji Kanji. Paroo ni jina la ukoo. Kwa hiyo majina yao yalifuatana kama yetu yanavyofuatana: la kwanza ni la mtu mwenyewe, la pili la baba, na la mwisho la ukoo. Watu wa Bagamoyo walizoea kutumia majina mawili ya mwanzo tu. Ndiyo maana Paroo likasahaulika, na Sewa Haji likabaki.

2. Mtoto wa mwenye duka

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851. Wazee wake walitoka India, upande wa Kutch. Nchi hiyo iko magharibi ya India, karibu na bahari. Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kati ya India na pwani yetu. Yalikuja na upepo wa kaskazi, yakarudi na upepo wa kusi. Yalileta nguo na vyombo. Yalichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu.

Baba yake alifungua duka Unguja katika miaka ya 1850. Baadaye, mnamo mwaka 1860, alifungua duka jingine Bagamoyo. Familia hiyo ilikuwa ya Waislamu wa madhehebu ya Ismailia.

Kijana Sewa alijifunza kazi dukani kwa baba yake. Alijifunza kupima kitambaa na kupima pembe kwa mizani. Alijifunza kusoma, kuandika na kuweka hesabu katika daftari. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa wakati ule waliandika hesabu zao kwa Kigujarati. Alipofika umri wa miaka 18 hivi, aliingia rasmi katika biashara ya familia.

3. Bagamoyo ya wakati ule

Ili kumwelewa Sewa Haji, yafaa tuijue Bagamoyo ya siku zake. Mji huo ulikuwa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilitoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Tabora. Kutoka Tabora iliendelea mpaka Ujiji, katika ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 1,000.

Hapakuwa na reli wala gari. Punda hawakufaa sana kwa sababu ya mbung'o na maradhi. Kila kitu kilibebwa na binadamu. Watu hao waliitwa wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi. Safari ya kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilichukua miezi miwili au mitatu.

Kwenda bara walibeba merekani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Wakati wa msimu, maelfu ya wapagazi walijaa Bagamoyo. Walijenga vibanda, walicheza ngoma, na walingoja kuajiriwa tena. Wengi husema kwamba jina la mji linatokana na maneno bwaga moyo, yaani tua moyo wako, safari imekwisha.

Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa. Watu waliotekwa bara waliletwa pwani na kuvushwa kwenda Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Uliendelea kwa siri na kwa dhahiri kwa miaka mingi.

Huo ndio mji ambao Sewa Haji alifanyia kazi. Ulikuwa mji wa utajiri na wa machozi kwa pamoja.

4. Kazi ya kutafuta wapagazi

Msafiri aliyetaka kwenda bara alihitaji mambo mengi. Alihitaji wapagazi, askari wa kulinda mizigo, na kirangozi wa kuongoza njia. Alihitaji nguo na shanga za kununulia chakula njiani na kuwalipa watemi ushuru wa kupita. Mgeni hakuweza kuvipata vitu hivyo peke yake. Hakujua bei wala lugha. Hakujua shanga gani zinapendwa Ugogo na zipi zinakataliwa.

Hapo ndipo Sewa Haji alipopata kazi yake. Yeye alikusanya wapagazi na bidhaa, akamkabidhi msafiri msafara ulio tayari. Msafiri alilipa, na yeye alibaki na faida. Vilevile alinunua pembe zilizotoka bara na kuziuza Unguja.

Kazi hiyo ilitegemea sana daftari. Ndani ya daftari yaliandikwa majina ya wapagazi, idadi ya mizigo, posho iliyotangulizwa, na mshahara uliobaki. Mwenye kujua kusoma aliweza kujua haki yake. Asiyejua kusoma alilazimika kumwamini mwenye daftari. Wapagazi karibu wote hawakujua kusoma. Mwenye duka, msafiri na kiongozi wa msafara waliweza kuwapunja, nao wasijue. Jambo hili tulikumbuke tunapoendelea.

5. Jina lake laandikwa katika kitabu

Mwezi wa Februari mwaka 1871, mtu mmoja aliyeitwa Henry Stanley alifika Bagamoyo. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Marekani. Alitumwa kumtafuta Dakta Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea huko bara. Stanley alihitaji wapagazi zaidi ya 100, na alikuwa na haraka.

Huko Unguja palikuwa na tajiri mkubwa wa Kihindi, Tharia Topan. Huyo alimwandikia Stanley barua ya kumpeleka kwa kijana wa Bagamoyo atakayemsaidia. Kijana huyo alikuwa Sewa Haji. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi.

Kazi haikwenda kwa haraka kama Stanley alivyotaka. Stanley alikaa Bagamoyo wiki sita. Aliwagawa watu wake katika misafara mitano, na kila msafara uliondoka kwa zamu. Yeye mwenyewe aliondoka tarehe 21 Machi 1871 na msafara wa mwisho. Mwishoni mwa mwaka ule alimkuta Livingstone Ujiji.

Aliporudi Ulaya, Stanley aliandika kitabu juu ya safari yake. Kitabu hicho kilisomwa sana Uingereza na Marekani. Ndani yake alimtaja kijana wa Bagamoyo. Alilalamika kwamba kijana yule alimchelewesha na kumdanganya katika hesabu. Jina lenyewe hakuliandika sawasawa. Aliliandika jinsi sikio lake lilivyolisikia, likawa Soor Hadji Palloo. Basi jina la Sewa Haji lilifika Ulaya likiwa limepinda, tena likiwa na sifa ya udanganyifu.

Je, maneno ya Stanley yalikuwa ya kweli? Msomaji mzuri hupima. Inawezekana kijana yule alizidisha bei. Wafanyabiashara wengi walifanya hivyo kwa wageni. Lakini kitabu kile kilieleza upande mmoja tu, upande wa mnunuzi. Stanley mwenyewe hakuwa mpole kwa watu wake. Katika kitabu hicho hicho alieleza jinsi alivyowachapa wapagazi waliochoka au waliotoroka. Habari zao nazo tunazisoma kwa kalamu yake yeye, si kwa kalamu yao.

Tena kuna jambo la ajabu. Jina la Stanley halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa Wales mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Alipofika Marekani alijichagulia jina jingine. Mtu aliyeliandika vibaya jina la mwenzake alikuwa amelibadili la kwake mwenyewe.

6. Tajiri wa misafara

Maneno ya kitabu hayakumzuia Sewa Haji. Biashara yake ilikua mwaka hata mwaka. Wamisionari, wapelelezi wa nchi na wafanyabiashara walipita kwake. Alikuwa na mawakala kwenye njia za bara. Alipata majumba na mashamba Bagamoyo, na majumba Dar es Salaam. Alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani.

Kijana mwingine aliyejifunza kazi kwake aliitwa Allidina Visram. Alikuja kutoka Kutch akiwa bado mtoto. Sewa Haji alipofariki, Allidina aliendeleza biashara hiyo. Alifungua maduka mengi mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916. Shule inayoitwa kwa jina lake iko Mombasa.

Mwaka 1888 mambo yalibadilika. Kampuni ya Wajerumani ilichukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani. Watu wa pwani hawakukubali. Walipigana chini ya Abushiri bin Salim, Bwana Heri wa Saadani na wengine. Vita vilifika Bagamoyo. Nyumba nyingi ziliharibiwa na watu wengi walikimbia. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wajerumani wakatawala. Bagamoyo ikawa makao yao makuu mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Sewa Haji aliendelea na biashara chini ya watawala wapya. Wajerumani nao walihitaji wapagazi kwa safari zao. Hatuwezi kusema kwamba alikuwa mpigania uhuru. Alikuwa mfanyabiashara, na alifanya kazi na waliokuwa na nguvu. Mali yake ilitoka katika pembe za ndovu na katika mabega ya wapagazi. Hayo ni kweli, wala haifai kuyaficha. Lakini si hayo tu.

7. Shule na hospitali

Katika miaka ya 1890 Sewa Haji alianza kutoa mali yake kwa manufaa ya watu wote.

Kwanza alitoa jengo la ghorofa huko Bagamoyo liwe shule. Alitaka shule hiyo iwapokee watoto wa kila asili. Mtoto wa Kiafrika, wa Kihindi na wa Kiarabu wakae pamoja na kusoma pamoja. Leo jambo hilo tunaliona la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo. Chini ya wakoloni, kila watu walitengwa kwa rangi yao. Ubaguzi huo katika shule za Tanganyika ulidumu mpaka wakati wa Uhuru, mwaka 1961. Sewa Haji alikuwa ameonyesha njia nyingine karibu miaka 70 kabla. 

Pili alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Mji huo ulikuwa unakua, lakini mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kutibiwa kwa dawa za hospitali. Wajerumani walijenga hospitali nzuri ufukweni, ile ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji iliwahudumia Waafrika na Wahindi. Ilipewa jina lake.

Tatu aliwakumbuka wagonjwa wa ukoma. Katika siku zile wenye ukoma walitengwa na watu wakaogopwa. Hapakuwa na dawa ya kuwaponya. Walihitaji chakula, nguo na mahali pa kulala. Sewa Haji aliacha wosia kwamba mapato ya mali yake yatumike kuwasaidia wao na wagonjwa wengine.

Sewa Haji alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897. Alikuwa hajafika umri wa miaka 50.

8. Baada yake

Baada ya Sewa Haji, biashara ya misafara haikudumu sana. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Treni moja ilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi. Njia ya Bagamoyo ikaota majani. Majumba mengi ya matajiri yakabaki magofu. Madaftari ya hesabu yakaliwa na mchwa.

Lakini hospitali iliendelea. Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani, Hospitali ya Sewa Haji iliendelea kuwatibu Waafrika wa Dar es Salaam. Ilifanya hivyo mpaka miaka ya 1950. Ikawa ndogo na kuukuu. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya, ikaitwa Princess Margaret kwa heshima ya ndugu wa Malkia wa Uingereza. Baada ya Uhuru jina hilo liliondolewa, ikaitwa Muhimbili.

Angalia basi habari za majina. Jina la binti wa mfalme lilifutwa, lakini jina la mwenye duka wa Bagamoyo lilibaki katika jengo la wodi. Jengo jingine la hospitali hiyo lina jina la Kibasila, kiongozi wa Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo mfanyabiashara na mpigania uhuru wamekaa jirani, na wagonjwa wanawataja wote wawili kila siku.

9. Tunajifunza nini?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina la Sewa Haji lilitembezwa kwa ubaya katika kitabu cha mgeni. Yeye hakushindana na kitabu kile kwa maneno. Alitoa shule na hospitali. Leo watu wachache wanayajua maneno ya Stanley juu yake. Lakini wagonjwa wengi wamelala chini ya jina lake, wakapona, wakarudi nyumbani.

Hata hivyo, tusisahau upande wa pili. Mali ile haikuchumwa na mtu mmoja. Ilibebwa mabegani, kilo 30 kwa kilo 30, kutoka Tabora mpaka pwani. Wapagazi hawakupewa jengo lenye jina lao. Majina yao yaliandikwa na watu wengine, katika madaftari ambayo wao wenyewe hawakuweza kuyasoma. Tunapomshukuru Sewa Haji kwa hospitali, tuwashukuru na wao pia.

Leo wewe unayesoma ukurasa huu si kama mpagazi yule. Unaweza kusoma hesabu ya pamba yako, ya korosho zako au ya samaki wako. Unaweza kuona jina lako limeandikwa sawa au limepindishwa. Unaweza pia kusoma kitabu cha mtu mwingine na kuuliza kama ametueleza pande zote mbili. Hiyo ni mali ambayo hakuna awezaye kukunyang'anya.

Maneno ya kujifunza

Kirangozi: mtu anayeongoza njia mbele ya msafara.
Merekani: kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka Marekani.
Mpagazi: mtu anayeajiriwa kubeba mizigo.
Posho: chakula, au fedha na vitu vya kununulia chakula, anavyopewa mfanyakazi.
Sandarusi: utomvu mgumu wa mti, unaotumika kutengenezea vanishi.
Wosia: maneno au maandishi ya mtu juu ya mali yake baada ya kufa.

Maswali

1. Jina la Sewa Haji Paroo lina sehemu tatu. Eleza kila sehemu.
2. Kwa nini wasafiri wa Ulaya walimhitaji Sewa Haji?
3. Stanley alilalamika nini juu yake? Kwa nini tusiyachukue maneno hayo bila kuyapima?
4. Taja mambo matatu aliyoyafanya Sewa Haji kwa manufaa ya watu.
5. Reli ya Kati ilileta mabadiliko gani Bagamoyo?

Zungumzeni darasani

Je, katika kijiji chenu kuna shule, kisima au barabara yenye jina la mtu? Nani anajua habari zake? Mwombeni mzee mmoja aje darasani awasimulie. Kisha andikeni habari hizo katika madaftari yenu, ili zisipotee.